Leja ya Jikoni

Ghaniya kaniletea
kisanduku; nafungua:
kioo kinachowaa.
Akasema: "Ni mizani.

Ya jikoni, Mama, twaa,
kila utachopakua
pima kwanza; ukijua
ndipo utie kinywani."

Tabibu wa pale Sibu
alisoma majawabu
ya damu, kwa taratibu,
kisha kavua miwani.

"Mama," kasema, "si siri,
damu yako ni sukari.
Ukitaka uwe shwari
hesabu iwe mezani.

Kalori elfu na mia
mbili, na usiku pia
zimo. Usije zidia
hata uwe harusini."

Nikacheka peke yangu:
hesabu najua tangu
Ruwi, na dawati langu
lilikaa ghorofani.

Miaka ishirini na
saba, sikuwahi ona
baisa zikipishana
leja na sefu kazini.

Siku ya kwanza, aibu!
Sambusa mbili, kababu,
na halua ya zabibu;
saa nne, nina deni.

Mchana wote ni maji,
jioni nusu ya uji,
usiku, mviziaji
mbele ya friji gizani.

Hemedi kaniwashia
taa, akaangalia:
kijiko nashikilia
na mbatata mdomoni.

Nikalala nikiwaza:
pesa nimezimaliza
kwa pambo la kupendeza,
nyumba haina sabuni!

Asubuhi nikashuka
soko la Sibu; lanuka
samaki, barafu, paka;
nguru kalala mezani.

Kipande kimoja, ndimu,
pilipili, chumvi, thomu,
kwenye makaa kwa zamu
kikachomwa barazani.

Bamia na biringanya,
tango, figili na nyanya,
sahani nikatapanya
hata ukingo sioni.

Nikapima, nikapiga
hesabu, mate namwaga:
mia tatu! Kwani, mboga
zimeiroga mizani?

Nikala. Tonge kwa tonge,
mwiba kando niutenge,
nikajaa, sina donge
wala kinyongo rohoni.

Tangu hapo nimekuwa
mnunuzi wa kujuwa:
supu ya dengu yatuwa
kwanza; wali ni mgeni,

aje baada, vijiko
vitatu, cha nne mwiko.
Nazi nzima ni vituko,
natia robo chunguni.

Ziko siku za majonzi:
sahani ya maandazi
yapita, nami siwezi
kuyatazama machoni.

Nala moja, naandika:
mia mbili zimetoka;
kesho tena nitashika
figili yangu sokoni.

Mamangu, kule Kengeja,
alipika mboga moja,
dagaa, ndimu, na hoja,
sote saba mkekani.

Tuliita ufukara;
leo kwenye maabara
waiita "lishe bora"
kwa kalamu ya thamani.

Harusi ya Nizwa nayo!
Na shuwa ifukiwayo
shimoni: harufu hiyo
ikanishika shingoni.

Sikusema "mie sili";
nimeweka za awali:
pande la nyama, na wali
kadiri ya kiganjani.

Shemeji Rayya kanuna:
"Umekonda! Kwani huna
cha kula?" Nikatafuna
mpaka mwisho, makini.

Beti nazo hupimiwa
mizani nane; hupewa
mtunzi hizo, akawa
ameshiba, hana deni.

Leo usiku, baridi,
kahawa yake Hemedi
imeiva; sina budi
kufunga leja jikoni.

Chakula chote nakili,
supu, samaki, figili;
natoa: zabaki, kweli,
arobaini sefuni.

Arobaini ni tende
mbili, khalasi. Nitende
nini? Kesho nizilinde?
Leja haina maoni.

Moja nampa mwenzangu,
ya pili ikawa yangu.
Kazima taa; na kwangu
shavuni, kokwa gizani.